Boriti ya Pili

Gari liliwaka Jumatano saa nne asubuhi, na ua mzima wa nyumba ukapiga makofi. Wapangaji wa vyumba kumi na vinne walitoka na ndala zao, wengine bado wameshika vikombe vya kahawa. Wilfredo peke yake hakupiga. Alikaa nyuma ya usukani wa Chevrolet ya mwaka hamsini na mbili, gari la marehemu baba yake, akaitazama nguzo ya mbao iliyosimama hatua moja mbele ya bampa. Nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine, na nyingine, sita kwa jumla, zote zikishikilia dari katikati ya korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea barabarani.

Miaka sita bwana! Injini aliitoa kwenye pampu ya maji ya shamba la miwa, giaboksi kwenye Lada iliyogongwa. Gasketi alizikata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, kutoka kwenye majalada ya vitabu vya shule. Mafuta ya breki yalikuwa shampuu, na kila akikanyaga breki gari lilinukia kama bibi harusi. Na sasa limewaka, halafu haliwezi kwenda hata upana wa meza.

Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi wa magari. Alikwisha kukosa mara mbili. Akikosa ya tatu, namba inafutwa, na gari lisilo na namba Havana ni chuma chakavu, hata uling'arishe vipi. Wilfredo alikuwa na miaka hamsini na saba, thelathini kati ya hiyo ameimaliza chini ya mabasi ya serikali. Alitaka kuendesha teksi yake mwenyewe, basi. Alitaka walau uzeeni awe mtu anayekwenda.

"Tunazitoa moja moja," alisema Evelio, kaka wa mke wake, fundi mwashi mwenye mdomo mrefu kuliko ngazi yake. "Gari likisogea mbele, tunasimamisha nguzo nyuma yake."

"Na hapo katikati? Gari lina mita tano, Evelio."

"Mita tano kwa dakika kumi! Dari limekaa miaka tisini, lishindwe na dakika kumi? Acha woga, shemeji. Au umeshazoea kulala na gari?"

Watu wakacheka. Wilfredo naye akacheka, huku akilitazama dari.

Evelio akaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kugonga plasta kwa mpini wa nyundo. Kipande kikubwa kikaanguka juu ya boneti. Akaingiza mkono kwenye uwazi, akapapasa huku na huku. Aliposhuka alikuja mpaka dirishani, akasema kwa sauti ya chini, Evelio huyo huyo.

"Hapa ukutani kuna matundu mawili, yamekaa pamoja. Waliojenga waliweka boriti mbili za chuma. Moja ipo, imeliwa na kutu. Ya pili iko wapi?"

Wilfredo alijua ilipo. Boriti ya pili ilikuwa chini ya makalio yake. Miaka mitano nyuma, chasisi, yaani mgongo wa gari, ilikuwa imeoza kwa chumvi ya bahari, na chuma kirefu hakikupatikana kisiwa kizima, si kwa kuomba wala kwa kuiba. Akatazama juu, akaona boriti mbili zikibeba mzigo mmoja. Moja inatosha, alijiambia. Akaikata ya pili vipande viwili, akavichomelea pande zote mbili za gari, akaziba dari kwa plasta, akawaambia majirani kwamba chuma kimetoka kwenye kiwanda cha sukari kilichofungwa. Wakamsifu! Baada ya miaka miwili dari likapasuka, serikali ikaleta nguzo, na yeye mwenyewe akasaidia kuzibeba.

"Mwambie, Wilfredo," ilisema sauti kutoka juu. "Au nimwambie mimi?"

Alikuwa Mama Zenaida, bibi wa miaka themanini na tatu aliyemlea tangu mama yake afariki. Chumba chake ndicho kilichokuwa juu ya korido. Alikuwa ameinama kwenye reli ya ngazi, nywele zimefungwa vibanio.

"Ulijua?" Wilfredo aliuliza.

"Ulikata chuma siku tatu chini ya kitanda changu, mwanangu. Ulidhani mimi kiziwi?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga miluzi. Tangu utotoni sikuwahi kukusikia ukipiga miluzi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Toeni hizo nguzo. Mimi sishuki, na wala usinifanye kisingizio. Litoe gari lako uende."

"Niende wapi, mama, na wewe uko juu ya shimo nililolichimba mimi?"

Kwa kitambo kidogo alimchukia, Mungu amsamehe. Alimchukia kwa kuwa hai, kwa ule wema wake uliomnyamazisha mpaka leo. Kama angemkaripia mapema, Wilfredo angekirudisha chuma kile kabla hakijachomelewa.

Evelio alikuwa ameshapiga hesabu. "Ukirudisha boriti, tukaiunga, tunaondoa nguzo, korido inakuwa wazi," alisema. "Ila gari halina mgongo."

"Na nisiporudisha?"

"Ule ufa wa kushoto ni mpya, shemeji. Dari hili halitaziona mvua za Oktoba."

Wilfredo akazima injini. Ilijizungusha mara mbili zaidi, ikatulia. Akashuka na kuufunga mlango polepole, akafungua boneti.

"Mbona umezima?" aliuliza jirani mmoja, kikombe mkononi. "Linatoka saa ngapi?"

"Halitoki," alisema Wilfredo. "Evelio, nishikie hapa. Tushushe injini kwanza, ndipo tupate nafasi ya kuikata boriti."