Manjano Juu ya Chokaa

Bi Mwanamize wa Shumba Viamboni alitaka kuchora tangu ana meno ya utoto, na tangu hapo hakupata nafasi. Utotoni alichora kwa makaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, akachapwa, si kwa sababu ya picha bali kwa sababu wali uliungua. Alipoolewa na Silima Ngwali alijiambia kuwa msimu wa karafuu ukipita atachora. Msimu ukapita, akaja mtoto. Mtoto akakua, kikaja kikohozi cha mama mkwe, kikakaa nyumbani mle kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia hata mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa ukipita kuna harusi, harusi ikipita kuna hitima, na katikati ya yote kuna maji ya kuteka, muhogo wa kupalilia, na ukili wa kusuka mikeka ambao tangu ulimwengu uumbwe hakuna mwanamke aliyewahi kuumaliza.

Silima hakuwa mtu wa maneno. Mwaka ule wa chaguzi mbili, kabla ya mvua za masika, alileta chokaa kutoka tanuuni, akakipaka chumba cha kati mpaka kikang'aa kama yai lililomenywa. Kisha akasimama mbele ya ukuta wa kusini, ule ambao mtu akisali anaupa mgongo.

"Huo wako," akamwambia mkewe. "Usitie vitu vyenye macho."

Chokaa iliyobaki akaiacha ndani ya mtungi, akaifunika kwa kawa. Hakupata kumpa zawadi kubwa kuliko hiyo. Haukupita muda homa ikamshika, ikaondoka naye.

Mwanamize alilia kama anavyolia mtu aliyemzoea mwenziwe mpaka akijua anapiga chafya mara ngapi. Halafu akakaa eda, ndani ya chumba kile kile cheupe. Miezi minne na siku kumi: hatoki, hatii hina, hapaki wanja, hafukizi udi, havai nguo ya kupendeza. Maji akatekewa. Muhogo akapaliliwa. Harusini hakungojewa na wala hakusemwa kwa kutokwenda. Asubuhi moja, amekaa kitako juu ya mkeka anautazama ukuta, likamjia wazo lililomtia haya, akasema astaghfirullah, nalo likarudi likakaa karibu zaidi: umri wake wote hajapata nafasi kama hii, wala hataipata tena. Mikarafuu ilikuwa imebeba mwaka ule mpaka matawi yanainama. Eda ikiisha, karafuu zitakuwa zimeiva, na kila mtu alikuwa ameshaitia mikono ya Mwanamize katika hesabu zake. Ukuta umalizike kabla ya siku hiyo, au usimalizike.

Lakini nafasi ile nayo ilikuwa na watu wake. Siku zile siasa zilikuwa zimewachemsha watu mpaka wa chama hiki hawazikani na wa chama kile, hawanunui dukani kwao, hata moto hawaombani. Silima alikuwa amefariki bila ya kumwambia mtu yeyote yuko upande gani, kwa hivyo kila upande ulimhesabu kuwa wake, na kila upande ulileta wanawake kumliwaza mjane. Wa upande mmoja walikuja asubuhi. Wa upande wa pili walikuja baada ya alasiri. Na kwa kuwa hawakutaka kupishana hata njiani, asubuhi waliondoka mapema na jioni walichelewa kuja. Hapo katikati palibaki saa za mchana ambazo hazikuwa na chama. Ndizo Mwanamize alizochoria.

Rangi alizipata pale pale alipokaa. Masizi ya chungu yalitoa nyeusi. Udongo wa kisimani, aliouomba kwa kisingizio cha kuziba tundu la panya, ulitoa hudhurungi. Nili ya kufulia ilitoa buluu. Majani aliyaponda. Hakuwa na brashi. Alichora kwa ncha za vidole, kwa sababu kikonyo cha karafuu ni kitu kidogo na kidole ndicho kinachokijua. Akimaliza huning'iniza jamvi mbele ya ukuta, na wageni wakiuliza hujibu kuwa unyevu umezidi. Haikuwa uongo mkubwa. Kweli unyevu ulizidi.

Kazi ilikwenda vyema mpaka alipofika kwenye manjano. Alitaka rangi ile ya karafuu changa zinapoanza kubadilika, akayakoroga manjano ya kupikia kwa maji, akayachanganya na chokaa ya mtungini ili yashike. Yakageuka mekundu pale pale, kama mate ya mla tambuu. Akamwaga, akakoroga tena. Mekundu. Akapaka manjano matupu ukutani, mahali alipokuwa amefuta kosa kwa chokaa mbichi. Mekundu. Akayatazama kwa muda. Mwishowe akasema, "Haya, basi ziwe zimeiva," akachora mkarafuu mzima wa karafuu zilizowiva. Akanawa. Rangi ikatoka viganjani, ikabaki kwenye ncha za vidole na chini ya kucha.

Mchana huo huo Kijakazi, jirani, aliingia na bakuli la uji, akaviona vile vidole. Hakuuliza. Angeuliza, jambo lingekwishia pale. Aliweka uji chini, akasema mvua haijambo, akaenda zake. Hata ilipoadhiniwa alasiri, Shumba nzima ilijua kuwa mjane wa Silima ametia hina ndani ya eda. Ilipofika magharibi hina ilikuwa imepanda hadi viwiko, na bwana harusi ameshajulikana: Mzee Vuai mwenye duka, ambaye mwenyewe alikuwa hana habari, na alipoipata alikwenda kunyolewa.

Asubuhi yake aliingia Bimkubwa, dada wa marehemu, bila ya kupiga hodi.

"Nyoosha mkono, wifi."

Mwanamize akanyoosha.

"Nini hino?"

"Manjano."

"Manjano ni manjano. Haya mekundu. Miye nimeharibika goti, macho ninayo."

"Yamegeuka."

"Yamegeuka!" Bimkubwa akawageukia wanawake wa zamu ya asubuhi, ambao leo walikuwa wengi kuliko kawaida. "Mnasikia jamani? Kaburi la kaka yangu halijaota hata jani, na manjano yameshageuka."

"Wifi, kaa nikwambie."

"Sikai. Namwendea Shehe."

Shehe Msellem alikuja taratibu, kwa sababu hakuna aliyepata kumwona akienda vyengine. Akakalishwa ukumbini, pazia likashushwa mlangoni, Mwanamize akabaki ndani na wanawake.

"Salamu alaykum, Bi Mwanamize. Umetia hina?"

"Alaykumu salamu. Sikutia, Shehe."

"Basi."

"Basi nini, Shehe?" akasema Bimkubwa.

"Ameulizwa, amejibu."

"Na vidole je? Navyo viulizwe!"

Shehe akangojea mtu mwengine aseme. Mwanamize akalitazama jamvi. Alijua, akilifunua, jina lake litasafika na mchana wake utakwisha, maana kitu kilichoonwa na Shumba ni cha Shumba. Akiliacha, atamaliza ukuta wake kwa raha, na atakufa ni mwanamke aliyemtilia hina Vuai kwa pupa. Hilo la pili angeweza kulistahamilia. Lakini aibu ile ingekuwa ya Silima pia.

"Wifi," akasema, "liondoe jamvi lile."

Bimkubwa akalivuta kwa hasira, likamwangukia. Alipojitoa ndani yake, wenziwe wote walikuwa wamenyamaza, na hilo lilimshtua zaidi kuliko jamvi. Ukuta ulikuwa na mikarafuu mitatu, jani kwa jani, vikonyo vimefungana kama vinavyofungana mtini, na chini yake majamvi ya kuanikia yametandazwa. Hapakuwa na mtu wala ndege wala kitu chenye jicho. Penye tawi la chini iliangikwa ngowe ya kuvutia matawi, ncha yake imefungwa kitambaa cha buluu pale ilipowahi kupasuka.

"Hino ngowe ya kaka," akasema Bimkubwa.

"Ndiyo yake."

"Kitambaa miye nilimpa."

"Najua."

Bimkubwa akafuta pua kwa upande wa kanga. Halafu akakumbuka alilolijia. "Na wekundu huo?"

"Chovya kidole," akasema Mwanamize, akimsogezea manjano. "Sasa tia na huku kwenye chokaa."

Bimkubwa akatia. Kidole kikawa chekundu mbele ya macho yake. Akakisugua kwa kanga. Kanga ikawa nyekundu, na kidole hakikupungua. Kijakazi, nyuma kabisa, akasema kwa sauti ndogo, "Na huyu naye anaolewa na nani?" Wanawake wakaangua kicheko, wakakumbuka waliko, wakaanza kukohoa wote pamoja.

Shehe alitaka naye aone. Mwanamize akahamia nyuma ya kitanda, akafunikwa shuka, na Shehe akaingia, akautazama ukuta tangu dari mpaka sakafu, akarudi kitini kwake.

"Ukuta hauko katika eda," akasema. "Vidole vimo. Tafuta kijiti."

Kwa hivyo Mwanamize akatafuna ncha ya mswaki mpaka ikawa na nyuzi, akaendelea na kijiti. Kazi ikawa ya taratibu zaidi, na nafasi, kama alivyojua, ikawa ndogo zaidi. Wote walikuja kuuona ukuta. Wa asubuhi hawakuondoka mapema tena, na wa jioni waliwahi, mpaka wakakutana mlangoni wakalazimika kuamkiana. Upande mmoja uliuliza kwa nini ametia buluu nyingi kule juu, na ni buluu ya nani. Akawajibu ni ya mbingu. Upande wa pili uliuliza kama hangeweza kuongeza kidogo. Mzee Vuai alileta salamu na pakti ya nili, bure, akashukuriwa, na jibu jengine hakupewa.

Siku zikaisha, na pembe ya chini ya ukuta, mkono wa kushoto, bado ni chokaa tupu. Alitaka pale aanike jamvi la mwisho, lenye karafuu zilizokauka, nyeusi, moja moja. Alfajiri ya siku ya kutoka eda alianza, na jua lilipopanda alikuwa amefika nusu. Nje wanawake wa pande zote mbili wamejaa uani, wana ndoo ya maji, kanga mpya na sinia la wali. Nyuma yao mikarafuu inanukia. Mapakacha yameshapangwa ukutani, na moja lilikuwa la Mwanamize, limeshatiwa kabisa jina lake.

Bimkubwa akaingia kumtoa. Akamkuta amepiga magoti, kijiti mkononi.

"Bado, wifi?"

"Bado kidogo."

"Kidogo gani?"

Mwanamize akamwonyesha. Bimkubwa akatazama jamvi lililojaa nusu. Karafuu zilizobaki alizifahamu. Zile huwa nyingi. Akasimama, goti likalia, akarudi uani.

"Jamani," akasema, "kaka yangu alikufa mwezi ngapi?"

Wakamtajia.

"Mwezi ule nani aliuona unaandama? Usiku ule ulikuwa wa mawingu."

"Uliandama!" wakasema wa upande mmoja. "Uliandama, sisi tuliuona."

"Haukuandama," wakasema wa upande wa pili, kwa kuwa wale wamesema umeandama. "Nyie mnaona miezi hata mchana."

"Basi kama pana shaka, tutie siku," akasema Bimkubwa. "Eda si jambo la kubahatisha. Tufanye ihtiyati."

Wakabishana. Yakatajwa mawingu, ikatajwa mvua, akatajwa mtu wa Kiuyu aliyeuona mwezi lakini alikuwa na mtoto wa jicho. Wali ukapoa, ukaliwa hivyo hivyo bila ya mabishano kusimama. Bimkubwa alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha njiani, na kila kelele zilipotaka kupungua aliuliza swali jengine.

Alasiri ilipokaribia, Mwanamize alitia karafuu ya mwisho, akakiweka kijiti chini, akakaa akautazama ukuta wake mpaka ukamtosha. Halafu akanawa mikono, akasimama nyuma ya Bimkubwa, akasema kuwa yuko tayari, waje wamtoe.

"Rudi ndani wewe," wakamwambia. "Hatujaafikiana."