Vidonge Ndani ya Mto wa Kochi

Nilivikuta vidonge ndani ya mto wa kochi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mshono wa pembeni ulikuwa umekwenda upogo, nikaufumua ili nishone upya. Nilipoingiza mkono kusawazisha sponji, vidole vikagusa kitu kigumu. Vidonge kumi na tisa, vimefungwa kwenye kipande cha bitana na kushonewa ndani kabisa. Mshono wenyewe mdogo, safi. Mpwa wangu nilimfundisha mimi mshono ule.

Dawa zile nazijua. Nimekuwa nazichukua kliniki tangu mpwa wangu akiwa na miaka sita, mama yake alipofariki. Alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Sasa ana miaka kumi na minane, na kila jioni baada ya kula anameza kidonge kimoja. Daktari ametuambia mara nyingi: akimeza bila kukosa, atazeeka kama sisi. Akiacha, virusi vinaamka.

Nilimtazama. Alikuwa upande wa pili wa karakana, anapigilia kitambaa kwenye mgongo wa kiti. Fundi mwenzangu, tunayemwita Gundi kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata, alikuwa anamchokoza.

"Binti wa bosi, nigawie misumari."

"Kachukue kwa bosi."

"Aa! Kopo lako la misumari limepakwa rangi kama gari la zimamoto, halafu roho nayo ngumu!"

Hakucheka. Nikamtuma Gundi dukani kununua uzi ambao tulikuwa nao tele. Akaondoka akinung'unika kwamba mtu mzima mwenye ndevu anatumwa kama mtoto. Nikakiweka kile kifurushi mbele ya mpwa wangu.

"Nini hii?"

Akaendelea kupiga nyundo.

"Nakuuliza wewe."

"Si unaona mwenyewe, mjomba."

"Kumbe kochi la watu ndilo linaloumwa, tunalinywesha dawa?"

Ulikuwa utani wa kijinga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ile Gundi alipotaka kuchota kwenye kopo langu. Uliruka kutoka kule kama umeng'atwa na nyigu."

Nikakumbuka. Sisi mafundi wa makochi tunaweka misumari midogo mdomoni, tunaitoa mmoja mmoja kwa nyundo yenye sumaku. Ikibaki, tunairudisha koponi. Mimi na Gundi tumetumia kopo moja miaka kumi na moja. Mpwa wangu alipomaliza shule na kuniomba kazi, nilimnunulia kopo lake, nyundo yake na sindano zake, vyote nikavipaka rangi nyekundu. Nikamwambia fundi wa kweli ana vifaa vyake. Nilijiona mjomba mwema kweli kweli.

"Nyumbani tunakula sahani moja," akasema. "Wanao wanakunywa maji kwenye kikombe changu. Nikajua pale mimi ni mtu. Halafu nikaona ulivyoruka. Nikajiuliza, kama wewe uliyenilea unaniogopa, nameza ili iweje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema nilihofia misumari ichanganyike saizi. Sikuusema.

"Ni kweli. Niliogopa."

Akaweka nyundo chini.

"Mama yako alipokuwa anakata roho, nilisimama mlangoni. Alininyooshea mkono. Daktari alikuwa ameshaniambia mkono hauambukizi, na bado sikwenda. Nilimwambia, nakuja. Nikabaki pale pale mpaka akaushusha."

Alikigeuza kile kifurushi mkononi. Kisha akasema, "Unaniambia ili nikuonee huruma?"

"Hapana. Ujue tu uoga huu ni wangu. Nilikuwa nao kabla hujajua kuvaa viatu. Usife kwa ajili yake."

Kesho yake asubuhi, nilipomwambia twende kliniki, alivaa akaja.

Miaka yote nilikuwa nakaa nje kwenye benchi. Safari hii niliingia. Yeye mwenyewe alimweleza nesi habari ya vidonge na ya kopo, bila kuficha hata siku moja. Nesi akaandika, akamtoa damu ya kupima, kisha akanigeukia.

"Mate hayaambukizi, baba. Akijichoma sindano, aoshe kwa maji na sabuni, abandike plasta, kama wewe ukijichoma. Na wote acheni kuweka misumari mdomoni. Siku moja mtaimeza."

"Na virusi je?"

"Anaanza dawa tena leo. Baada ya miezi mitatu tutapima mara nyingine. Tukikuta haifanyi kazi, tutabadilisha. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu."

Tuliporudi karakana nilimimina misumari yake kwenye kopo letu. Gundi akanikodolea macho.

"Bosi, binti kafilisika?"

"Fanya kazi."

Habari ya virusi Gundi hakuijua, na haikumhusu. Siku mpwa wangu akitaka kumwambia, atamwambia yeye. Binti alichota misumari bila kunitazama, akarudi kwenye kiti chake. Sikuona tabasamu, na sikulitegemea. Mtu hakusamehei kwa sababu umemimina misumari.

Jioni, baada ya kula, alileta chupa ya dawa na glasi ya maji, akakaa mbele yangu.

"Usiniangalie hivyo, mjomba. Si sinema."

Nikageukia ukutani. Nikasikia kifuniko, nikasikia maji. Ulimi uliniwasha nimwambie afungue mdomo nione. Nikauma meno.

"Nimemeza," akasema.

"Na kesho?"

Alisuuza glasi, akaifunika juu ya meza.

"Ya kesho uniulize kesho."