Mtu wa Gari la Nyuma

Kasmir alikuwa amelala chali chini ya jipu, mgongo juu ya boksi lililochanwa, akitafuta kwa macho kitu ambacho hakikuwepo. Bamba la chuma lilikuwa limefungwa kwenye chesisi, na kazi ilikuwa safi, hakuna wa kuitia ila. Mkono wa kuvutia, ule wenye umbo la herufi A, ulikuwa umekazwa barabara. Minyororo ya akiba ilikuwepo, waya za taa zilikuwepo. Breki ndiyo haikuwepo.

Alijiburuta akatoka, akajipangusa matope ya mvua ya usiku.

"Flavia mwanangu, hebu muulize huyu bwana lile boksi la breki liko wapi."

Flavia alikuwa binti wa Bukoba aliyezoea kupanga vyumba Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huku kwa Wachina, akiwanunulia watu wa nyumbani bidhaa na kuwatafutia meli. Leo alimleta Kasmir huku nje ya mji, kwenye karakana iliyokuwa ndani ya kiwanda kilichofungwa, awe mdomo wake. Alimgeukia mwenye karakana, Laoban Liang. Huko kila mwenye mali huitwa laoban, hata akiwa anauza soksi. Liang alitabasamu akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Mei you," alisema. Hilo Kasmir hakuhitaji kutafsiriwa. Kwenye maduka ya Xiaobei alishaambiwa hakuna mpaka masikio yakachoka.

"Halijafika, baba," Flavia alisema. "Linatoka kiwanda kingine, mkoa wa mbali. Na meli inapokea magari mwisho kesho. Anasema Bosi Godson amekubali yaende hivyo hivyo."

"Amekubali yeye."

"Ndivyo anavyosema."

Kasmir alitazama mzigo wenyewe. Mbele lilisimama gari-nyumba, jeupe, refu kama basi, na ndani yake vitanda, jiko na choo. Watalii wa Godson, bosi aliyemleta Kasmir kuyakagua magari haya, wangelala humo. Nyuma yake lingevutwa jipu dogo la milango miwili, magurudumu yote manne chini, gia iko fri, injini imezimwa, bila mtu ndani. Wakifika kambini wanalifungua na kwenda nalo kuangalia wanyama. Mpango mzuri kabisa. Lakini boksi lile lilitakiwa likae juu ya pedeli ya breki ya jipu na kuikanyaga kila gari la mbele linapofunga breki. Na mkono ukikatika, kuna kamba nyembamba ya chuma ambayo ingechomoa pini, boksi likakanyaga lenyewe na jipu likasimama. Bila boksi, jipu lilikuwa jiwe lililofungwa mkiani. Na dereva wa kulivuta kwenye miteremko ya nyumbani, katikati ya watoto wanaotoka shule, alikuwa yeye Kasmir.

Mambo ya kuvutana aliyajua kwa namna ambayo hakumtakia mtu. Mkewe Felisia alipozidiwa na uchungu wa mimba, gari la wagonjwa liligoma njiani. Mganga mkuu alikuwa ameambiwa toka masika kwamba gari ni bovu, akasema bajeti inakuja. Bwana mkubwa mwingine akatoa tipa ya kifusi na kamba ya katani. Dereva wa gari la wagonjwa akaambiwa kaa humo, shika usukani, kanyaga breki ukiona unaikaribia tipa. Injini ikizimwa breki huwa ngumu kama kukanyaga ukuta, lakini nani alimuuliza dereva? Kamba ilikatika kwenye kona. Mganga mkuu alituma salamu za rambirambi zenye muhuri. Baada ya hapo alipandishwa cheo, akahamia mjini.

Tangu siku ile Kasmir alikuwa na jambo moja kichwani: katika gari la nyuma mkubwa hakai. Hukaa dereva, hukaa mgonjwa, hukaa tanboi. Mkubwa huwa amesimama pembeni akionyesha kwa kidole.

Godson alishuka kwenye teksi miwani imepandishwa kichwani, shati limeshikana na mgongo kwa joto. Alikuwa mdogo kwa Kasmir kwa umri, na alimwamkia kwanza. Adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo mzee. Chombo hicho! Umekiona?"

"Marahaba. Nimekiona. Hakina breki nyuma."

"Breki zipo mbele, mzee wangu. Gari kubwa hilo lina breki za upepo. Kijipu kile hata halikijui kama lipo nacho."

"Kwenye tambarare halitakijua. Kwenye mteremko litajulishwa."

Godson alicheka, lakini kwa mdomo tu. "Mzee Kasmir, nisikilize. Meli nyingine ni mwezi ujao. Wageni wamekwishalipa, nikiwarudisha nimekwisha. Boksi litafuata kwa ndege, tutafunga Arusha."

"Litafuata lini?"

"Litafuata."

"Bajeti inakuja," alisema Kasmir.

"Nini?"

"Hakuna."

Mafundi wa Liang walikuwa wamechuchumaa kivulini wakila wali kwenye vyombo vya plastiki. Waliacha kutafuna kidogo. Maneno hawakuyaelewa, ila sauti waliielewa.

"Kama unaogopa sema," Godson alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Madereva wamejaa mjini. Nilikuchukua wewe kwa heshima, kwa sababu watu walisema mkono wako hautetemeki."

"Hautetemeki. Tujaribu hapo kwenye mteremko, basi. Mimi mbele. Wewe kaa kwenye jipu."

Flavia aliinua macho kwenye simu. "Baba, hapana. Liang alisema toka mwanzo, humo hakai mtu. Hata mtoto. Hata paka."

"Nyumbani gari linalovutwa linakaa mtu."

"Hiyo ni ya kamba! Hili linajifuata lenyewe."

"Si ndiyo nasema," Kasmir alijibu bila kumwondolea Godson macho. "Kama ni salama kwa watoto wa njiani, ni salama kwa bosi. Au bosi anaogopa kijipu?"

Flavia hakutafsiri, lakini Kasmir alishaonyesha kwa kidole, na kijana mmoja wa Liang akawaonyesha wenzake: yule mnene, ndani ya kile. Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akatoa simu kuanza kupiga picha. Godson aliwatazama, akautazama mteremko wa zege uliokwenda mpaka ukuta wa chini na bwawa la samaki nyuma yake, na uso wake ukajifunga. Angeweza kukataa. Mbele ya simu ile hakuweza.

"Leta ufunguo," alisema.

"Kaka Godson, acha utoto!" Flavia alimshika mkono. "Mzee amekasirika tu."

"Niache, dada. Ataona mwenyewe."

Liang alipoona anaingia kweli kweli, kicheko kilimtoka usoni. Alikuja mbio akisema maneno mengi, akatikisa kiganja mbele ya kioo. Godson akafunga mlango.

Kasmir alipanda kwenye gari-nyumba, usukani upande wa kulia kama wa nyumbani. Juu ya dashibodi palikuwa na skrini ya kamera ya nyuma, na ndani ya skrini, ndani ya kioo cha jipu, uso wa Godson ulionekana umebanana kama picha ya kitambulisho. Walipigiana simu, Kasmir akaiweka spika.

"Nakusikia mzee. Twende."

Aliondoa gari polepole. Kwenye uwanja wa juu alizunguka mara moja, na jipu likamfuata kama mbwa aliyefundishwa.

"Heee!" Sauti ya Godson ilijaa kabini. "Usukani unazunguka wenyewe! Mzee, unazunguka kama una jini!"

"Usiuguse. Weka mikono mapajani."

"Sijaugusa. Duh. Watu wataalamu jamani."

Walifika juu ya mteremko. Hapo Kasmir alijua gia ya kushukia. Kila dereva wa lori anaijua kama anavyojua jina la mama yake: gia nzito, injini ishike, mguu mbali na breki. Mkono wake ulikuwa juu ya rungu la gia. Akautazama uso kwenye skrini. Godson alikuwa anatabasamu.

Hakuiweka.

Akaliachia gari. Alitaka kidogo tu. Alitaka mkubwa mmoja, hata mmoja tu katika dunia hii, ajue nyuma kunakuwaje.

Gari-nyumba liliinamisha pua. Kwanza likateleza vizuri, halafu likachukua mwendo wake lenyewe, na Kasmir akahisi kwenye kiti chake kile kitu alichomwambia Godson: mgongo unasukumwa. Pu. Gari kubwa limejulishwa. Alikanyaga breki, mbele pakajibu, nyuma pakasukuma zaidi.

"Mzee?" Sauti ilikuwa nyembamba. "Mzee, punguza."

"Tulia."

"Punguza, nakwambia! Usukani... unaenda kulia, unaenda..."

Kwenye skrini mikono miwili iliinuka ikaudaka usukani.

"Achia!" Kasmir alipiga kelele. "Achia usukani! Godson, achia!"

Lakini mtu aliyezoea kuendesha hawezi kutazama usukani unakwenda upande bila kuushika. Godson aliuvuta kushoto kwa nguvu zake zote. Matairi ya jipu yakalia, mkono wa chuma ukapiga mlio uliopita sakafuni mpaka kwenye meno ya Kasmir, na mkia wa gari-nyumba ukachotwa upande. Ndani, milango ya kabati la jiko ikafunguka yote, vyombo vikamwagika. Mkia ukarudi. Ukachotwa tena.

"Breki hazishiki!" Godson alikuwa analia sasa, analia kabisa kama mtoto. "Ni ngumu! Mzee nakufa! Mama yangu, nakufa!"

Kasmir hakuwahi kuisikia sauti ya Felisia ndani ya lile gari. Yeye alikuwa juu ya tipa, nyuma, ameshika bomba, na upepo ulikuwa mwingi. Aliona mdomo wake tu kwenye kioo. Miaka yote alijaribu kuweka sauti kwenye mdomo ule na hakuipata. Sasa hii hapa, ndani ya kabini, inatoka kwenye simu.

"Godson," alisema. Hakujua sauti yake imekuwa ya chini namna hiyo. "Nisikilize baba. Nitazame mimi, nitazame kioo cha pembeni, naona uso wako. Umeona jicho langu?"

"Naona."

"Toa mikono. Ikalie. Kalia mikono yako."

Kwenye skrini mikono ilishuka. Jipu likayumba, likajinyoosha. Ukuta ulikuwa unakuja na rangi zake zote, herufi kubwa nyekundu za Kichina moja moja. Kasmir alipachika gia nzito kwa nguvu, injini ikanguruma, akakanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, mguu ukiomba. Gari likasimama. Pua yake iliweza kunusa chokaa ya ukuta.

Alishuka akikimbia. Mkono wa kuvutia ulikuwa umepinda kama kijiko cha bati, na pini moja imeng'oka nusu. Mnyororo ndio ulioshikilia. Alifungua mlango wa jipu. Godson alikuwa bado amekalia mikono yake, macho makavu, suruali imelowa. Kasmir alimtoa kwapani kama unavyomtoa mgonjwa, akampeleka kwenye majani kando ya ukuta. Alitapika hapo. Kasmir alimshika kichwa.

Flavia na Liang walikuja wakishuka mteremko mbio, mafundi nyuma yao. Hakuna aliyekuwa anapiga picha.

"Mwambie Liang," Godson alisema baada ya muda, akijifuta mdomo kwa shati. "Meli iondoke. Gari libaki hapa mpaka boksi la breki lije, lifungwe, lijaribiwe. Na wageni nitawarudishia chao."

Flavia alisema. Liang aliitikia kwa kichwa mara nyingi, bila kutabasamu.

Kasmir alitegemea kusikia utamu fulani. Alikuwa ameshinda, mkubwa amekaa nyuma, mkubwa amejua. Alitafuta utamu huo kifuani akakuta mapigo ya moyo tu.

"Na wewe, mzee," Godson alisema. "Gari hili hutaliendesha."

"Sawa."

"Huulizi kwa nini?"

"Wakubwa huwa hamuulizwi."

Godson alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Kasmir. "Nilikuona kwenye kioo pale juu. Na kwenye simu sikuisikia gia nzito ikiingia mpaka chini kabisa. Mimi niliiacha breki kwa haraka zangu, nimekubali, ni kosa. Lakini gia ile ulikuwa nayo wewe. Leo mkubwa ulikuwa wewe, Mzee Kasmir."

Kwa kila mkubwa, Kasmir alikuwa na jibu lake. La mganga mkuu alikuwa nalo, la bwana mwenye tipa alikuwa nalo, alilala nalo na kuamka nalo. Alifungua mdomo kulitafuta la huyu. Mafundi walikuwa wamesimama wanamtazama, na Flavia pia, na ilionekana wazi usoni mwa binti kwamba hajui asimame upande wa nani.

"Breki itafungwa?" aliuliza mwishowe.

"Itafungwa."

"Hata nisipokuwepo?"

"Hata usipokuwepo. Nimekaa humo, mzee. Itafungwa."

Kasmir alitoa ufunguo wa gari-nyumba mfukoni akampa.

"Basi nivumilieni kidogo," alisema. "Nikaokote vile vyombo vilivyomwagika ndani."