Vikasha Visivyokumbuka

Kofi la kwanza lilisikika mpaka chumba cha seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Fundi alishtuka, kisha akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta: leseni za kuingilia kwenye seva zimekwisha. Vikasha arobaini vya mezani, vikompyuta vile visivyo na akili yao vinavyoazima ya seva, vilikuwa vimegoma tangu asubuhi.

Bosi hakujua leseni ni mdudu gani, ila kupiga alijua. Zilinunuliwa mia mbili, zimekwenda wapi? Ufunguo wa chumba hiki hukaa na mlinzi, basi mwizi ni yeye. Na mlinzi huyo ni mume wa dada yake fundi, ndiye aliyembembelezea fundi kazi hapa.

"Umemuuzia nani?" Bosi aliuliza ng'ambo ya ukuta. Bomba la chuma likashuka. Shemeji alilia kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia.

Fundi akafungua orodha ya leseni. Kikasha cha mapokezi kimeandikwa mara tano. Cha stoo mara sita. Ni yeye mwenyewe aliyefunga kumbukumbu za vikasha zisipokee kitu kipya, kwa kuogopa virusi, kabla havijahifadhi leseni zao. Kila vikizimwa jioni vinasahau, na asubuhi vinaomba nyingine kama wageni. Hakuna aliyeiba kitu.

Bomba likashuka tena, na safari hii mfupa ulisikika.

Mtu mwenye moyo angeinuka hapo hapo. Fundi alijiambia ahakikishe kwanza. Akafuta leseni zilizorudiwa, akafungua kumbukumbu ya kikasha kilichokuwa mezani, akakizima, akakiwasha, akasubiri. Kikaingia. Akakizima tena, eti asije akaaibika. Mapigo mengine aliyasikia yote, manne.

Ndipo akaenda. Shemeji alikuwa sakafuni, mkono umepinda pasipo kiungo, kola ya sare imelowa damu.

"Bosi, mwache. Kosa ni langu." Akaeleza yote.

Bosi alihema, akafuta jasho. "Sasa vinafanya kazi?"

"Kimoja kimeingia. Vingine nipe saa moja."

"Basi kavimalize." Akalitupa bomba, akatoka kwenda kupiga simu.

Shemeji alimtazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Ulijua saa ngapi?"

Fundi angeweza kudanganya. Alimwonea aibu dada yake.

"Kabla hujavunjwa mkono, shemeji."

Shemeji akajikokota, akaliokota bomba kwa mkono mzima. Fundi akaufunga mlango, akabaki ndani, akamwinamishia mgongo.