Wiki ya Kamera Mbili

Jina la Bi Nyoosha alipewa na wateja, wala hakuliona baya. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanyooke: nyoosha shingo, nyoosha kola, mama nyoosha mgongo, bwana harusi nyoosha uso, hujafiwa. Aliyepinda alikuwa yeye mwenyewe. Begi la kamera alilibeba upande mmoja miaka yote hiyo, na bega la kulia likapanda kama linataka kumnong'oneza sikio jambo. Mwaka huu mkono ukaanza kugoma. Alikuwa haanui shuka bila kuguna. Daktari alimbonyeza hapa na pale, akampa dawa ya kuchua na maneno machache: "Mama, mzigo upungue."

Mumewe alikuwa seremala, na watu wakimwita Msumari, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa ulimi wake. Mapenzi yake yote aliyapitishia kwenye utani. Siku ambayo hakumtania mkewe, mkewe alimgusa paji la uso kuangalia kama ana homa.

Basi kamera ya zamani ya Bi Nyoosha ikafia kazini. Ilitoa mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga, ikanyamaza, na hakuna fundi aliyeweza kuifufua. Kesho yake mke na mume wakaenda dukani.

Muuza kamera alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye kipara. Alimfahamu Bi Nyoosha tangu enzi za filamu. Akaweka kamera mbili juu ya meza ya kioo.

"Hii kubwa ndiyo ya wataalamu wa siku hizi," alisema. "Haina kioo ndani kama ile yako, kwa hiyo imepungua uzito."

"Haina kioo?" Msumari akadakia. "Mke wangu, sasa poda utajipakia wapi?"

"Wewe nyamaza. Na hii nyingine?"

"Hiyo ni ya mfukoni. Usiidharau, picha zake safi kabisa."

Bi Nyoosha aliishika kwa vidole viwili. Ilimezwa na kiganja. "Mzee wangu, nimekuja kununua kamera. Kiberiti ninacho nyumbani."

Lakini bega lilikuwa linamuuma hata pale aliposimama, na muuza kamera aliliona. Akamwambia achukue zote mbili kwa wiki moja, azifanyie kazi, Jumamosi ijayo arudishe ile asiyoitaka. Mteja wa siku nyingi hanyimwi hilo.

"Una bahati," Msumari alisema wakitoka. "Wenzako wamechagua mpaka mume bila kumjaribu hata siku moja."

"Nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana safari hii najaribu."

Kazi ya kwanza ilikuwa siku ileile mchana, sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyekuwa anastaafu. Bega lilikuwa limechachamaa, kwa hiyo Bi Nyoosha akaiacha ile kubwa, akaitumbukiza ndogo kwenye pochi pamoja na leso na pipi za kikohozi, akaenda.

Alipoingia ukumbini hakuna aliyesogea kumpisha. Akakaa katikati ya walimu kama mgeni yeyote, akaanza kazi. Akampata mwalimu wa hesabu akifunga vitumbua viwili kwenye leso. Akawapata wanafunzi wa kwaya wakisukumana. Akampata mwalimu mkuu mwenyewe nyuma ya pazia, karatasi mkononi, akijifunza hotuba yake mbele ya ukuta, midomo ikitetemeka. Hakuna aliyegeuka. Ndani ya nusu saa alikuwa na picha tisini.

Kisha shughuli ikasimama. Dakika kumi, ishirini. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, tunaomba radhi. Tunamsubiri mpiga picha."

Bi Nyoosha akanyoosha mkono. "Nipo."

"Sawa mama, keti tu. Akifika mpiga picha tutaendelea."

"Baba, mpiga picha ndiye mimi." Akakiinua kile kikamera.

Ukumbi ulicheka kwa pamoja, kuanzia mgeni rasmi hadi kwaya. Aliyekosa kucheka ni mwalimu mkuu peke yake. "Miaka thelathini na minane ya kazi," alisema polepole, "halafu nipigwe na hicho?"

Na kama hiyo haikutosha, wakati wa kukata keki betri ikazima. Ilikuwa betri ndogo kama ukucha, na Bi Nyoosha hakuwa na ya akiba. Keki ikakatwa mbele ya simu ya mwalimu wa hesabu.

Msumari alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa kwenye maranda ya mbao. "Kwa hiyo ulikaa unamsubiri mpiga picha pamoja nao?"

"Endelea kucheka. Chai utapika mwenyewe."

Alipochaji betri akamwonyesha zile picha. Msumari akazipitia akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, hadi alipofika kwenye ile ya mwalimu mkuu na ukuta. Hapo akaisogeza karibu na macho.

"Huyu mzee alikuwa analia?"

"Alikuwa anajifunza hotuba."

"Na hakukuona?"

"Nani amwone mtu mwenye kiberiti?"

"Ungekwenda na ile kubwa," Msumari alisema, "ungepata kola na shingo. Hii usingeipata." Bi Nyoosha alijua ni kweli, na hilo lilimuudhi kuliko kicheko.

Siku mbili baadaye mwalimu mkuu alipita studio kuchukua picha zake. Alizigeuza moja moja, akasita kwenye ile ya ukuta, akaomba ikuzwe, iwekewe fremu. "Hii unaona kabisa," alisema kwa heshima, "umeipiga na ile kamera yenyewe, siyo kale kadude." Bi Nyoosha akamuuliza anataka fremu ya rangi gani.

Kazi ya pili ilikuwa Jumatano: mahafali ya wauguzi arobaini. Safari hii alibeba kamera kubwa na lenzi zake mbili, fupi na ile ndefu yenye uzito wa mtoto mchanga. Msumari alikuwa amevaa shati safi, yuko mlangoni.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kubeba begi. Daktari kasema mzigo upungue. Hakutaja wa kuupunguza."

"Utaniaibisha."

"Nitakaa kimya kama ubao."

Kamera kubwa ilifanya kazi yake bila mashaka. Ukumbi ulikuwa na giza la mapazia mazito, nayo ikaona hadi hereni ya muuguzi wa mstari wa mwisho. Lakini kilichomfurahisha zaidi Bi Nyoosha kilikuwa kingine. Alipoingia nayo kifuani, watu walimpisha. Wazazi walimtolea kiti. Aliposimama mbele ya wale arobaini na kupaza sauti, "Haya, nyoosheni!", shingo arobaini zilinyooka, na ya mgeni rasmi ya arobaini na moja. Alijiona amerudi mahali pake. Ni kweli pia kwamba kufikia saa ya tatu ya shughuli, vidole vyake vya kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na alikuwa akibonyeza kwa kubahatisha.

Jioni wakinywa chai, Msumari alitoa kamera ndogo mfukoni na kuiweka mezani.

"Ulikuwa nayo huko?"

"Si tunaijaribu? Na mimi nimejaribu."

Picha mia mbili na kumi na mbili. Ya kwanza ilikuwa giza la rangi ya waridi. Ya pili vilevile.

"Hiki ni nini?"

"Kidole gumba."

"Na hiki?"

"Kidole gumba na kiti."

"Kidole chako kimepigwa picha nyingi kuliko harusi yetu." Akaendelea. Kona ya meza, kona ya meza, kona ya meza kwa upande mwingine. "Na hizi zote?"

"Tazama mbao zilivyoshikana hapo. Hata wembe haupiti."

Kisha zikafuata za ukumbini, na Bi Nyoosha akaacha kucheka. Palikuwa na mwanamke aliyeinamia upande mmoja kama mti uliosukumwa na upepo. Bega limegusa sikio. Mdomo umeumwa kwa ndani. Katika mojawapo aliegemea nguzo, macho amefumba, mkono wa kushoto umeshika wa kulia kama unamshika mgonjwa. Yeye aliyepiga picha za mji mzima hakuwa na picha zake mwenyewe hata za kujaza bahasha moja.

"Ndivyo ninavyoonekana?"

"Mwaka wa tatu huu nakuona hivyo. Nikisema, unaniambia niende nikapige randa."

Akabonyeza tena. Ilikuja picha iliyopinda, kidole kikiwa pembeni, ila katikati alikuwa yeye, mkono juu, kamera kubwa kifuani, wauguzi wote wamemkodolea macho, naye anacheka kwa mdomo wazi mpaka mwanya unaonekana.

"Na huyu je?"

"Huyo ndiye niliyemwoa," Msumari alisema. "Ila zamani alikuwa hapigi kelele hivyo."

Bi Nyoosha alirudi kwenye picha ya nguzo, akaenda kwenye ya kicheko, akarudi tena. Chai ikapoa. Mwishowe akauliza, na hakuwa anatania, "Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

"Mimi nikiwa na randa kubwa na randa ndogo, nauliza ubao."

"Ubao wangu ni watu."

"Ubao wako ni bega hilo."

Siku mbili zilizofuata Msumari alimwona akiifunga na kuifungua ile kamera kubwa, akiivaa shingoni na lenzi moja, akiivua, akiivaa tena na ile nyingine, akijisikiliza.

Jumamosi walirudi dukani. Muuza kamera akabadilisha miwani.

"Nachukua kubwa," Bi Nyoosha alisema, "na lenzi fupi tu. Ile ndefu baki nayo, hata kamera yangu ya zamani nitakuletea ukitaka vipuri. Ni ya kupigia mechi za mpira, na hizo nimeziacha. Na begi sibebi tena, anayenihitaji ajue nakuja na mbebaji."

"Mbebaji amekubali?" muuza kamera akauliza.

"Hajaulizwa," Msumari alisema.

"Mzee, nitakwambia ukweli," Bi Nyoosha aliendelea. "Hii ndogo ni hodari, imenipa picha ambayo sitaisahau. Lakini nikiwa nayo watu hawanioni. Na mimi napenda wanione." Akaona haya kidogo baada ya kusema hivyo, akajishughulisha na mkanda.

"Vizuri. Basi ile ndogo irudi."

Msumari alikuwa akikagua dari, kama aliyeitwa kuitengeneza.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kamera ya watu."

"Kamera ipi?"

"Iliyo kwenye mfuko wako wa kulia."

Akaitoa. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaiweka mezani, ila kiganja kikabaki juu yake. "Nilikuwa nafikiria," alisema akiwa hamtazami mtu, "seremala anatakiwa awe na picha za kazi zake. Wateja wakija waone kona."

Mkewe alimtazama. "Kiberiti hiki?"

"Mimi sina haja ya kuonekana."

Muuza kamera alishika kalamu, akasita. "Nilidhani mnachagua moja."

"Ndivyo tulivyofanya," Bi Nyoosha akamjibu. "Kila mtu moja."

Kurudi nyumbani kulikuwa mwendo wa dakika kumi, nao waliutumia kwa saa nzima. Msumari, begi begani, alisimama kila penye mlango akipiga picha bawaba, komeo na vizingiti, hadi mwenye nyumba mmoja akatoka kwa hasira kuuliza anatafuta nini kwake. Bi Nyoosha akaeleza kwamba huyu ni seremala na hana madhara. Mwenye nyumba akamtazama Msumari kutoka juu hadi chini, hasira zikamtoka, akasema kama ndivyo, ana mlango wa jikoni unaokwaruza sakafu tangu masika, pengine autazame. Wakaingia ndani wawili. Bi Nyoosha akakaa kwenye ngazi kungoja. Mwanga wa saa kumi ulikuwa mzuri, mbele yake wasichana watatu wakiruka kamba, naye akatoa kamera mpya na kuanza kuzoea vitufe vyake.