Zamu ya Kitinda Mimba

Nyumbani walimwita Injinia, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko shati. Baba yao alipofariki, aliwaambia wadogo zake wasigombane nani ampigie Mama simu lini. Yeye atatengeneza programu ya kuwakumbusha kwa zamu. Mama aliposikia alicheka. "Yaani nyie mnahitaji mashine ili mnikumbuke?" Wakacheka wote. Laiti mmoja wao angemjibu.

Mwaka ukapita, na simu ya Injinia haikulia hata mara moja kumwambia zamu yake imefika. Kila alipotaka kujiuliza kulikoni, alipata kazi nyingine ya kufanya. Kusema kweli, kimya kile kilimpa raha. Kitinda mimba wao, mshonaji, aliwahi kumwambia kwamba Mama ameanza kusahau watu. "Uzee huo," alijibu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Siku moja alikuwa akiwafundisha waajiriwa wapya kazini. Somo lilikuwa fanksheni, vile vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja, hasa zisizo na jina, zile unazoziandika papo hapo bila kuzibatiza, ukaziacha zingoje kuitwa. "Hizi hazisahau kwao," aliwaambia kwa mbwembwe. "Zinaendelea kuona vitu vya pale zilipozaliwa, hata kama shughuli ya pale imeshakwisha." Kwa mfano, akawaonyesha ukutani ile programu ya Mama: kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinawapitia watoto mmoja mmoja, na kila mtoto kinamwandikia fanksheni yake ya kumkumbusha.

Mwanamke aliyeketi mbele akainua mkono. "Samahani, jina si umeliweka nje ya kitanzi? Basi fanksheni zote zinachungulia kisanduku kimoja. Kitanzi kikiisha, humo limebaki jina la mwisho tu."

"Haiwezekani," alisema Injinia, akaiendesha mbele yao. Ukuta ukajaa jina la mshonaji, mstari baada ya mstari.

Alitoka bila kuaga, akampigia mdogo wake akiwa koridoni.

"Mbona hukuniambia unakumbushwa wewe tu?"

"Kaka, kila siku simu inasema leo zamu yangu, nami nampigia. Nikadhani mmekaa kikao mkaniachia Mama, maana nyie ndio mna kazi za maana." Cherehani yake ikanyamaza. "Na wewe, ulishindwa kuuliza mbona hukumbushwi?"

 Kosa lile lilitaka kuhamishwa mstari mmoja tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mashine ilikosea zamu tu. Haikumkataza mtu kumpigia mama yake. Hilo Injinia alilijua, na lilimuuma hadi akaegemea ukuta. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa ameshawasili.

Akampigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mama. Kifungua mimba wako."

 Alimsikia akivuta pumzi, akijaribu kukumbuka, asikumbuke.

"Haya, baba," Mama alisema, kwa upole ule wanaopewa wageni. "Ila nakuomba ukate simu. Mwanangu hunipigia saa hizi, asije akakuta ninaongea na mtu."

Injinia akakata.