Jiwe Lililolinda Sufuria

Nimekanyaga njia nyingi kuliko tarishi, na za mawe ya kale ndizo nizipendazo. Kila jiwe lina tabia yake: hili linateleza, lile lina kishimo njiwa wanachonywea maji, jingine linakutegua kifundo halafu linatulia kama si lenyewe.

Kwenye uchochoro nilikopanga chumba, jiwe la tatu kutoka kona lilikuwa limelegea. Ukilikanyaga: kong'o! Mama mwenye nyumba, fundi cherehani, alilitegemea hilo. Kila Ijumaa alipika kuku, na kila Ijumaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja "kusalimia tu". Kong'o ikilia, mama alisukuma sufuria chini ya cherehani, akaifunika vitambaa, akaanza kushona mbiombio. Kazi yangu ilikuwa kupepea harufu itoke dirishani.

Kisha mawe yakang'olewa, vikaja vitofali vya saruji, vyote sawasawa kama meno ya bandia. Na mwashi aliyepewa kazi ya kuvipanga? Shemeji huyo huyo.

"Tazama kazi, shemeji!" alijigamba, akivirukiarukia. "Hata tembo akipita, husikii!"

"Ndilo balaa lenyewe," mama alininong'oneza.

Ijumaa hiyo alitukuta midomo imejaa. Alikula mapaja yote mawili.

Jumatatu mama alifungua sanduku, akatoa viatu vya marehemu. Vilikuwa vya ngozi, na vililia kiasi kwamba mwenyewe akiingia msibani, waombolezaji wote waligeuka.

"Shemeji, kaka yako angependa uvivae wewe."

Machozi yalimlenga. Akavivaa, akaondoka: kwii, kwii, kwii. Tulimsikia mpaka barabara kubwa.

"Haya mzee," mama akaniambia, "Ijumaa tunakula kwa raha zetu."

Ijumaa tukatega masikio. Kimya. Mama akafunua sufuria, akashika paja.

"Hodi!"

Shemeji alikuwa mlangoni, miguu mitupu, viatu kavipakata kama mtoto mchanga.

"Mbona huvivai?" mama aliuliza, paja likiwa hewani.

"Viatu vya kaka yangu? Nivichakaze kwenye saruji ile? Mawe ya zamani yalikuwa laini, shemeji. Hii inakula soli!"

Mama alimtazama, akalitazama paja, akashusha pumzi.

"Kaa, baba. Lakini paja la pili ni langu."

Mimi niliambulia shingo.